Jina la Mtoto wa Redio

Theodora Alute alikuwa na miaka ishirini, lakini Tanzania nzima ilimjua kama mtoto wa miaka tisa. Kosa halikuwa lake. Mwaka 1963 watu wa redio walipita Singida na mashine zao wakinasa nyimbo, wakamkuta shuleni Mwankoko akiimba "Baba, Nipe Jembe Dogo", wimbo aliotungiwa na mwalimu wake. Wakaunasa, wakaenda zao. Tangu hapo, kila alfajiri kabla ya kipindi cha wakulima, sauti yake nyembamba ilisikika kutoka Mtwara mpaka Bukoba ikimwomba baba jembe. Miaka kumi na moja anaomba jembe! Baba yake mwenyewe, Mzee Alute, alikufa bado linaombwa.

Kama ingekuwa redio tu, angevumilia. Lakini kila Saba Saba alitakiwa asimame jukwaani, na wageni rasmi hawakutaka mwanamke, walitaka mtoto waliyemsikia. Basi mama yake alimnyoa nywele, akamfunga kanga kifuani mpaka pumzi inakwama, akamvika gauni fupi la shule. Theodora alikuwa mfupi, mwembamba kama mtama wa mwaka wa ukame, na kwa mbali ilipita. Mgeni rasmi mmoja alimpapasa kichwani akamuuliza yuko darasa la ngapi. "La nne, shikamoo," akajibu. Mwaka uliofuata akaja mwingine, akauliza hilohilo, akajibiwa hilohilo. Hakuna mtu katika mkoa mzima aliyekaa darasa la nne muda mrefu kama yeye.

Mahali pekee alipokuwa na umri wake ni mtaa wa Utemini mjini, nyuma ya baa moja, ambako bendi ya Nyota ya Kati Jazz ilifanya mazoezi alasiri. Kiongozi wao, Kitwana, mpuliza saksafoni, alimsikia siku moja akijiimbia huku anaosha glasi, akamwambia, "Dada, hiyo sauti umeificha wapi siku zote?" Ilikuwa sauti nzito, ya kifuani, yenye mikwaruzo kidogo. Kwa sauti hiyo alitunga wimbo wake mwenyewe, "Treni ya Manyoni", wa mwanamke aliyeachwa kituoni na mwanamume aliyeahidi kurudi. Alipouimba, mpiga gitaa la besi aliinamisha kichwa. Theodora alitaka kitu kimoja tu duniani: wimbo ule usikike redioni, kwa sauti ile, na mtangazaji amtaje jina lake. Basi. Hakuomba gari.

Mwezi wa tano mwaka 1974, nchi ikiwa katika pilikapilika za kuhamia vijijini, Bwana Nathanaeli alifika Mwankoko na barua mkononi. Huyu alikuwa afisa utamaduni, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni, asiyefanya jambo bila muhuri.

"Mwanangu Theodora," alisema, "redio wanakuja Alhamisi, hapo ukumbini. Watarekodi bendi, kila moja nyimbo tatu. Tena kuna jambo. Ule mkanda wako wa jembe umechakaa, unakwaruza. Wanataka uimbe upya."

Theodora alishika nguzo ya mlango. Mkanda umechakaa! Kumbe yule mtoto anakufa mwenyewe, pole pole, na hakuna wa kulaumiwa. Furaha ilimpanda mpaka akaona haya. Halafu sehemu ya pili ya maneno ikamfikia, na furaha ikazimika. Mkanda mpya ungedumu miaka kumi na moja mingine. Angekuwa na miaka thelathini na moja, kifua kimefungwa, darasa la nne.

"Nisipoimba je?"

Bwana Nathanaeli alicheka kwa upole, kama anayemchekea mtoto. "Jembe kwanza, dansi baadaye. Bila jembe hakuna dansi."

Alhamisi Theodora alikwenda ukumbini amevaa gauni la kitenge na viatu vya visigino. Mama yake, ambaye watu wote walimwita Mama Theodora na alilipenda jina hilo kuliko sabuni ya kunukia, alimfuata nyuma akinung'unika kwa Kinyaturu, amemshika mkono Damari, kitindamimba wake wa miaka tisa. Fundi wa redio, Bwana Mselemu, alikuwa amekwisha tandaza nyaya zake. Nyota ya Kati walikaa pembeni na vyombo vyao magotini. Walikuwa wameisubiri siku hiyo kwa miaka mitatu.

Theodora alisimama mbele ya maikrofoni, akavuta pumzi hadi tumboni, akaimba jembe kwa sauti yake ya kweli. Alikuwa amepanga hivyo usiku kucha. Kama lazima nchi imsikie, basi imsikie amekua.

Bwana Mselemu alivua visikilizio masikioni. "Dada, samahani. Hii ni sauti ya mama wa watoto watatu. Wakulima watauliza mtoto wetu kapatwa na nini. Hebu ile ya zamani."

Ile ya zamani aliiweza. Ilitosha kukaza koo na kuinua kidevu kama alivyofanya kila Saba Saba. "Ile sauti sina tena," alisema. Ulikuwa uongo, na alipousema alijisikia mrefu kwa mara ya kwanza.

Bwana Nathanaeli akafunga faili lake. "Basi. Fundi, kunja nyaya. Tunaenda Manyoni."

Kitwana alianza kuifungua saksafoni vipande, akivipanga kwenye sanduku kimoja kimoja. Theodora alimtazama, akatazama mlango, akatazama nyuma. Damari alikuwa amekaa kwenye benchi miguu haifiki chini, midomo yake inacheza. Alikuwa anaimba jembe kimoyomoyo, na kila neno alilijua, maana alizaliwa akilisikia.

"Damari anaujua," Theodora akasema.

Mdomo ulitangulia, akili ikafuata, na ilipofika ilikuta watu wamekwisha kimbilia benchi. Walimsimamisha Damari juu ya kreti ya soda ili aifikie maikrofoni. Akaimba. Mama yake alilia machozi. Fundi akapiga paja: "Huyu ndiye! Ndiye yuleyule!" Theodora naye akacheka, kwa sababu mlango ulikuwa umefunguka na hakujali ni nani ameufungua.

Bwana Nathanaeli alichomoa fomu. Ilikuwa imekwisha chapwa na kugongwa muhuri: Mwimbaji, Mtoto Theodora Alute.

"Lakini ameimba Damari," alisema Theodora.

"Kubadili jina ni barua mpaka Dar es Salaam, mwanangu, na majibu miezi sita. Nchi inamjua Theodora. Jina ni jina tu." Akatia saini, kisha akaichukua fomu ya bendi. "Na huku kwenye treni, mwimbaji nani?"

"Theodora Alute," alisema Kitwana.

"Haiwezekani. Mtoto wa taifa hawezi kuwa kwenye fomu mbili, tena hii ya pili analilia mwanamume. Andikeni mwingine."

Nyaya zilikuwa bado zimetandazwa, taa nyekundu ya mashine inawaka. Kitwana alimsogelea Theodora akamnong'oneza, "Marehemu dada yangu aliitwa Stumai. Litumie hilo. Uimbe, dada, tusije tukakosa vyote."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Theodora akaitika kwa kichwa, na "Treni ya Manyoni" akaiimba kama alivyokuwa hajawahi kuiimba, mpaka Bwana Mselemu akasahau kuzima mashine ulipokwisha.

Wimbo ulishika. Kufikia mwezi wa sita ulipigwa katika salamu za wasikilizaji karibu kila Jumamosi, "Nyota ya Kati Jazz na mwimbaji wao Stumai". Siku moja, kwenye mashine ya kusaga, mwanamke mmoja aliyebeba uwele alikuwa akiuimba. Theodora alishindwa kujizuia. "Ni mimi naimba huo."

Mwanamke alimkagua, akaangua kicheko. "Wewe? Wewe si dada yake Theodora? Yule mtoto wa redio? Acha mambo yako, mwali." Theodora akachukua unga wake akaondoka. Angeapa kwa nani?

Nyumbani hali ilikuwa hivyohivyo. Mwalimu alianza kumwita Damari kwa jina la Theodora darasani, majirani wakafuata. Mwanzoni Damari alikuwa akiitwa hivyo anageuka kumtazama dada yake. Siku hizi hageuki.

Asubuhi ya Saba Saba Landrova ilisimama uani. Bwana Nathanaeli alishuka na kalamu zake tatu.

"Theodora!"

"Abee," akaitika Theodora, akainuka kutoka alipokuwa anapepeta mtama. Bwana Nathanaeli alimpita, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, ambako Damari alikuwa amesimama, nywele zimenyolewa, gauni jipya la shule.

"Theodora, mwamkie mgeni," alisema mama yao.

"Shikamoo," alisema Damari.

"Marahaba, mwanangu. Twende, tumechelewa."

"Ngoja kidogo," alisema mama, kisha akamgeukia binti yake mkubwa. Kwa muda alimtazama tu, mdomo wazi, kama anayetafuta kitu. Hakukipata. "Na wewe, mwenzangu," akasema, "msaidie Theodora kufunga viatu."

Theodora akaweka ungo chini. Akapiga magoti kwenye vumbi, akamfunga mdogo wake kamba za viatu.