Kifuniko Kimoja kwa Beseni

Kila Alhamisi, saa nne asubuhi, mke wa mchanganyaji aliloweka ovaroli ya mumewe kwenye beseni la bluu na kutia kifuniko kimoja cha dawa ya povu. Dawa ilitoka kwenye visima vya gesi. Kule mumewe aliichanganya na maji na hewa, pampu ikalisukuma povu chini mpaka mwamba ukapasuka. Nyumbani ilikaa kwenye chupa ya soda, nyuma ya mlango wa bafu, kama ilivyokaa kwa wafanyakazi wote, maana hakuna sabuni iliyoiweza grisi kama dawa ile.

Alhamisi hiyo binti yao wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, aliingia na grisi mpaka mapajani. Mama alimtumbukiza kwenye beseni lile lile. Grisi ilitoka. Povu lilipotulia, miguu ya Chiriku ilikuwa povu hadi magotini.

"Mama, sina vidole."

"Simama vizuri nikufute."

Taulo liliondoka na kisigino. Mama akaacha kufuta, akafunga madirisha kwa sababu ya upepo. Kufikia saa nane Chiriku alikuwa povu mpaka utosini, na bado anaongea.

Mume alirudi na msimamizi wake. Msimamizi alichota kijiko kimoja begani kwa mtoto, akatia kwenye glasi ya kupimia, akatazama saa.

"Unanitekenya, mjomba," Chiriku alisema.

"Sehemu tisa hewa, moja maji," msimamizi alisema. "Na halivunjiki. Letu la kisimani halimalizi nusu saa."

"Huo mkono wa mama yake," mume alisema, kichwa kikimvimba kidogo.

"Lizimeni," mama alisema.

"Dawa ya kulizima tunayo," msimamizi alisema. " Ila povu likizimwa, mama, linabaki maji. Kwa huyu utapata kikombe na nusu."

"Mbona hamkusema ni sumu?"

"Kwenye pipa imeandikwa."

"Kwenye chupa haikuandikwa."

"Chupa ya soda si yetu."

Kisima namba tatu kilikuwa kimegoma wiki mbili. Msimamizi aliomba apewe Chiriku kwa siku moja, mume akatia sahihi. Mama alikataa mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kisha akaenda kutafuta sweta, maana huko chini huenda kuna baridi. Ile ya njano, yenye doa la embe kifuani lililomshinda mwaka mzima.

"Nikirudi nitakuhadithia," Chiriku alisema wakimmimina kwenye pipa.

Mwamba ulipasuka asubuhi. Gesi ilitoka vizuri. Povu halikurudi; msimamizi alieleza kuwa povu lililo zuri hubaki huko huko kwenye nyufa, likizizuia zisijifunge. Alirudisha sweta, imekunjwa. Mama aliigeuza nje na ndani akitafuta doa la embe. Halikuwepo.

Alhamisi iliyofuata jirani alibisha, ameshika chupa tupu. Mama alimweleza yote, tangu beseni mpaka sweta, bila kuruka neno. Jirani alimpa pole, akaipapasa sweta.

"Doa la embe, kabisa?"

"Kabisa."

"Basi nitilie nusu tu, shoga. Mimi mwanangu simwogeshi."

Mama alichukua kalamu ya wino, akaandika SUMU ubavuni mwa chupa, akamtilia. Tone moja lilichuruzika kutoka mdomoni mwa chupa, likazifuta herufi zote nne.