M Ishirini na Moja

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya mwisho ya kubandika ripoti ya usawa wa kijinsia katika michezo, karani wa takwimu wa chuo alikuta wachezaji ishirini na mmoja wa hoki kwenye orodha ya wanawake. Chuo hakikuwa na timu ya hoki ya wasichana. Hakijawahi kuwa nayo.

Akaitafuta fomu yenyewe. Miaka yote fomu zilijazwa Me kwa wanaume na Ke kwa wanawake. Safari hii kocha, kwa uvivu wa kalamu, alishusha herufi moja tangu juu hadi chini: M. Mwanamume ni M, mwanamke naye ni M. Ofisi ya michezo ikachagua M iliyoifaa. Ndipo zikatoka hesabu za wanawake mia na saba, wanaume mia na watano.

Saa nane baraza la chuo lingeketi kuivunja timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, wachezaji kumi na wanne, kwa hoja moja tu: wasichana wamewapita wavulana, kwa hiyo kuwapunguza si uonevu.

Akampigia simu kocha wa hoki.

"Kocha, hawa M wako ni wanaume au wanawake?"

"Dada, njoo uwanjani uzihesabu ndevu." Kocha alicheka, kisha akauliza: "Kwani wamewaandika nini?"

Alipoelezwa, akaleta fomu mpya kabla ya saa nne. Me, ishirini na moja. Karani akasahihisha: wanawake themanini na sita, wanaume mia moja ishirini na sita. Ikabaki saini mbili, yake na ya mkuu wa michezo. Huyo mkuu alikuwa mume wa dada yake, na ndiye aliyemwombea kazi hii miaka sita iliyopita.

Alikuja mwenyewe, akaufunga mlango kwa kisigino.

"Shemeji, umeamua kunianika juani?"

"Nimesahihisha herufi, shemeji."

"Herufi! Baraza litaniuliza na miaka ya nyuma nilihesabu nini."

"Litauliza."

"Na dada yako nikamwambie nini?"

"Mwambie wanaume ishirini na mmoja wamerudi kwao."

Hakucheka. "Haya. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Akaiweka kalamu mezani bila kusaini, akatoka.

Karani alifungua kanuni. Ripoti ibandikwe kabla ya saa sita. Hapakuwa na neno la kuizuia ikikosa saini ya pili. Alikisoma kifungu mara mbili. Akasaini upande wake, na kwenye nafasi ya mkuu akaandika: "Ameiona. Hakusaini." Saa tano na nusu aliibandika kwenye ubao wa matangazo. Pini ya kwanza ilimponyoka, akachukua nyingine. Nakala nyingine alimkabidhi katibu wa baraza.

Saa nane na dakika hamsini katibu alitoka kikaoni, akatangaza kwamba timu ya kikapu ya wasichana haitavunjwa muhula huu. Saa tisa na robo alirudi na bahasha ya karani: kuanzia kesho anahamishiwa stoo ya maktaba.

Karani aliisoma barua yote, akatia saini kwenye daftari la kupokelea, akaandika na saa.