Muuaji na Mkwe Wake

Heo Gwang-cheol alishaua watu wengi mno, wote kwenye sinema. Kila mwongozaji wa Seoul aliyetaka Mkorea wa kutoka Yanbian, kule upande wa China, alimtaka na shoka mkononi. Waongozaji nao! Mtu mwenyewe hata kuku alishindwa kumchinja. Lakini leo alikuwa anakutana mgahawani na Bi Maeng, mama wa mchumba wa binti yake, na mama huyo sinema zile alizitazama zote.

"Baba, huyu mama akikuogopa, ndoa hakuna," Hyang-ran alimnong'oneza mlangoni. "Nakuomba, tabasamu."

Gwang-cheol akatabasamu. Maskini, tabasamu lenyewe lilikuwa lile alilofundishwa, la kabla ya kushusha shoka. Bi Maeng, mwanamke wa mjini hasa, mwenye Kikorea cha Seoul kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio, akavuta kiti nyuma. Gwang-cheol akazidisha tabasamu. Mama akavuta tena.

"Watu wa Yanbian nawajua," alimwambia mwanawe Ju-won, wala hakupunguza sauti. "Nimewaona."

"Umewaona wapi, mama?"

"Kwenye sinema, wapi tena!"

Ilimuuma Gwang-cheol. Binti yake alikuwa huyo mmoja tu, na Ju-won asingeoa bila radhi ya mama yake. Basi akafanya kama walivyomlea kwao, kwamba kikombe cha mgeni hakiachwi kipungue. Bi Maeng alikuwa amekunywa nusu. Akamwongezea pombe mpaka pomoni.

Bi Maeng akaruka. Seoul kikombe hakijazwi mpaka kiishe. Anayeongezewa juu ya iliyobaki ni marehemu, siku ya tambiko.

"Wee! Unanijazia kama maiti? Sijafa mie! Ntakuzaba kibao umsahau hata aliyekuzaa!"

Hiyo haikuwa lafudhi ya Seoul hata kidogo. Ilikuwa ya Jeolla, kusini kabisa, na Bi Maeng alikuwa ameificha tangu aje mjini akiwa msichana. Hata Ju-won alibaki ametoa macho.

Gwang-cheol alisahau woga wote. "Mama wee! Kumbe ni wewe bosi wangu!"

"Bosi wako tangu lini?"

"Kwenye sinema! Mkuu wa majambazi, yule anayenituma kuua. Kila mara anaongea kwa lafudhi hiyo hiyo ya Jeolla!"

"Na mfanyakazi wa ndani naye anaongea hivi," Bi Maeng alisema taratibu, kwa lafudhi ile ile. "Yule wa tamthilia, mbeya, mvunja vyombo. Unadhani kwa nini nilijifunza kuongea kama hawa wa Seoul?"

Kisha yeye ndiye aliyeanza kucheka, akapiga meza, akajifuta machozi kwa kiganja. Gwang-cheol naye akacheka kicheko chake mwenyewe, chembamba, cha kwikwi, ambacho hakuna mwongozaji aliyewahi kukitaka. Raha aliyoisikia, hakuwahi kuipata kwa malipo ya sinema yoyote.

Bi Maeng akapiga mafunda mawili, akakisukuma kikombe kwa Gwang-cheol kikiwa bado nusu.

"Jaza, mkwe wangu," akasema. "Jaza kama kwenu."