Risasi Zinazorudi Mansfield

Jumamosi baada ya chai, Modestus alikuwa gerejini kwake Mansfield, Texas, akichemsha maganda ya risasi kwa siki kwenye sufuria ya ubwabwa. Zamani ilikuwa sufuria ya mkewe, Apolonia, mpaka siku moja wali ulipotoka na ladha ya siki na shaba. Tangu hapo ikahamia gerejini moja kwa moja. Maganda aliyaokota uwanja wa shabaha, yale madogo membamba ambayo watu huyakanyaga wakienda zao. Akishayachemsha huyapasha moto yalainike, huyabana kwenye mashine ya mkono iliyofungwa mezani, hutia ndani kipande cha madini ya risasi, kisha hubana mdomo ufunge. Hapo ganda la zamani limekuwa koti, na risasi mpya imelivaa.

Kazi hiyo aliianza mwaka ambao maduka ya Texas yaliishiwa risasi, watu wakapanga foleni kama ile ya sukari enzi zile nyumbani. Maduka yakajaa tena, yeye hakuacha.

"Mwanaume lazima awe na kitu cha kufanya kwa mikono yake," alimwambia mkewe.

"Vyombo vipo," Apolonia akamjibu.

Risasi hizo zilikuwa na kasoro moja tu, nayo ndogo: zilirudi. Akizipiga asubuhi, kabla ya jua kuzama zinakuja zenyewe na kugonga mlango wa gereji, tik, tik, kama kuku waliochelewa kufungiwa. Apolonia alichoka kuinuka kwenye kochi kila jioni kuzifungulia, akamwambia mumewe atoboe tundu chini ya mlango. Zilirudi na pua zilizobonyea kidogo, kila moja na kitu cha huko ilikotoka: udongo wa tuta, uchafu wa karatasi ya shabaha, pengine unyasi. Modestus hakuona ajabu. Ganda lililokwisha kuokotwa chini na kuletwa nyumbani mara moja, njia limeshaijua. Jirani yao, mzee wa Kimarekani, alilalamika kwamba moja ilimpita sikioni akimwagilia nyasi. Apolonia akampelekea sambusa, yakaisha.

Basi akaja Vicent, mwenyekiti wa Watanzania wa huku, mwenye nyumba ya nguzo ndefu kule DeSoto. Kila sherehe ya Uhuru ilifanyika uani kwake, na kila bendera ikipanda, Vicent alipiga bunduki hewani.

"Mzee, nipatie zile zako," alisema. "Za dukani hazina heshima."

Modestus alivimba kichwa. Akampa pakiti, ila akamwambia ukweli kwamba zinarudi.

"Safi sana. Hatutaacha takataka."

Siku ya sherehe wimbo wa taifa uliimbwa, bendera ikapanda, Vicent akapiga. Akina mama wakapiga vigelegele, watu wakahamia kwenye nyama choma. Jioni risasi zikarudi zimelowa mawingu. Moja ilichelewa. Ilipoingia tunduni ilikuwa ya njano, inateleza. Apolonia akaiokota, akainusa.

"Hii imetoka kwenye sombe, kisamvu cha Wakongo."

"Labda mchicha."

"Baba Ndeshi, mimi nisijue sombe? Haya ni mawese. Hii nyeupe ni chokaa ya dari. Na karanga zote hizi! Ni mtu mmoja tu anatia karanga hivi."

Mtu huyo alikuwa Anastasie, mjane wa Bukavu, anayekaa apatimenti moja Euless na kufanya kazi ya kutunza wazee. Jumapili, baada ya misa ya Kiswahili, aliwafuata mwenyewe kwenye maegesho ya magari. Risasi ilikuwa imepita dari yake, ikatoboa sufuria iliyokuwa jikoni. Yeye alikuwa ameinama kuokota mwiko.

"Kama nilikuwa nasimama, leo mungekuwa munanizika," alisema. "Sasa meneja anasema ile tundu ni miye nilitoboa. Anasema, kama ni risasi, risasi iko wapi? Mwisho wa mwezi nitoke. Na miye nimeitafuta, Papa Modestus. Sombe yote nimeimaliza nikiitafuta. Haiko."

Modestus akatoa leso mfukoni, akaikunjua. Anastasie akaitazama ile risasi.

"Eh," akasema. "Njo yenyewe, ni hii."

Jumatatu walikwenda wote kwa meneja, mwanamke mwenye kucha ndefu na subira nyingi. Hakubisha kwamba risasi ilikwenda kwao yenyewe. Mjomba wake wa Waco alikuwa na mbwa aliyerudi kwa miguu kutoka Oklahoma. Lakini taratibu za apatimenti, alieleza, zinatambua kilichokutwa mahali pa tukio. Risasi iliyoondoka kwa hiari yake haihesabiki. Labda aliyeipiga aje aseme kwa mdomo wake.

Wakaenda DeSoto.

"Kutoka hapa mpaka Euless?" Vicent akacheka. "Haiwezekani."

Katika mambo yote hayo, huyo ndiye mtu wa kwanza kulitumia neno hilo. Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti.

"Wazee wangu, bendera ilikuwa inapanda. Mnataka tukaseme bendera yetu ndiyo imetoboa nyumba za watu? Tusichafue jumuiya. Mama huyu tumsaidie. Tumfanyie harambee."

Harambee ikafanyika kwenye ukumbi wa kanisa, na kwa kuwa harambee haiendi bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi wa huku siku zote ni mwenyekiti, Vicent akakaa meza kuu. Pilau lilikuwa zuri. Kabla ya hotuba, risasi ikatoka mfukoni mwa Modestus, ikashuka suruali, ikapita chini ya viti, ikapanda mguu wa meza na kusimama wima mbele ya sahani ya Vicent. Akaisogeza kushoto. Ikarudi. Akaifunika kwa kitambaa cha karatasi, kitambaa kikaanza kutembea kumfuata. Watu waliona. Tena walijua, maana Apolonia hakuwa amewaficha kitu wenzake wa jikoni. Wakaendelea kula. Mshereheshaji akaomba makofi kwa mgeni rasmi, na makofi yakapigwa.

Vicent alizungumza kirefu juu ya upendo ugenini. Mwishoni akamkabidhi Anastasie sufuria mpya, nene, kubwa kuliko ile iliyotoboka. Anastasie akapiga goti kidogo, akashukuru, kwa sababu mtu akikupa sufuria mbele ya watu wote utafanya nini kingine?

Mwisho wa mwezi akaipakia kwenye gari la mpwa wake Florent, wakahamia Houston.

Sherehe nyingine ya Uhuru ilipokaribia, Vicent alikuja tena Mansfield. Modestus akamwambia zimeisha.

"Na zile?" Vicent aliuliza, akionyesha kwa kidevu rafu iliyokuwa nyuma ya kichwa cha mwenyeji wake.

Alikuwa ameshakaa, ameshamaliza chai, ameshauliza habari za watoto. Mgeni wa hivyo humwambii hapana mara mbili. Apolonia alimtazama mumewe akinyoosha mkono kwenye rafu, akachukua vikombe akaenda kuviosha kwa kelele.

Bendera ikapanda. Jioni risasi zote zikarudi, kasoro moja. Siku iliyofuata simu ikalia.

"Papa Modestus? Njo miye, Anastasie. Kintu yenu iko huku."

"Huku wapi? Houston?"

"Imepita plafond, ile dari. Imeangukia mu sufuria ya Mwenyekiti."

"Imeitoboa?"

"Apana, ile ni nzito. Imebaki ndani, inagonga-gonga inataka kutoka. Nimeweka kifuniko, juu nikaweka jiwe. Mara hii haitoke! Nimeshaita meneja, aione na macho yake."

"Umefanya vizuri sana, mama," Modestus alisema, na usiku ule alilala usingizi mzuri.

Meneja wa Houston alikuwa kijana mpole. Alipiga picha tundu la dari. Anastasie akatoa jiwe, akafunua sufuria kidogo, na kijana akachungulia, akaiona risasi, akaipiga picha nayo. Akamshukuru kwa ushirikiano. Kisha akaandika kwamba mpangaji anaweka risasi jikoni, kitu ambacho mkataba umekataza, na kwamba mwisho wa mwezi atoke.

Anastasie alikaa kidogo na sufuria magotini. Halafu akaondoa kifuniko, akafungua na dirisha.

Kutoka Houston ni mbali, na barabara ya 45 ina magari mengi. Ilipofika Mansfield jua lilikuwa linazama, nayo imejaa vumbi la lami. Ikagonga ukingo wa tundu, ikaingia. Apolonia akaiokota.

"Imefika?" Modestus aliuliza. Alikuwa amesimama juu ya sufuria yake ya ubwabwa, maganda yanachemka.

"Imefika," Apolonia alisema, akainusa. "Safari hii hakutia karanga."

Akaiosha, akaiweka na wenzake.