Idhini Iliyopotelea Angani

Mwaka wa tisini na moja, kabla simu za mfukoni hazijatuharibu, sisi wa Garissa tulizungumza na Mandera kwa taar, ile redio ya masafa ya mbali. Ulikaa dukani kwa Duale, ukasema, ukamalizia "ova", na duka zima likasikiliza mambo yako bila haya. Natamani siku zile mpaka leo.

Dada yangu Idman alikuwa amemkataa binamu aliyechaguliwa, akamtaka Mursal, mwalimu wa fizikia. Baba, huko Mandera, akanuna mwaka mzima bila kusema naye. Na bila idhini yake hakuna nikahi. Hatimaye alikubali kuja kwenye taar adhuhuri.

"Aabo, ni mimi Idman. Unaniruhusu? Ova."

Redio ikavuma, ikafa. Duale akazungusha vifungo vyote, wapi!

"Amenyamaza, amekubali," akasema ami yetu Dekow, ambaye roho yake ilishafika kwenye pilau.

"Adeer, kunyamaza ni kwa bibi harusi, si kwa baba yake!" Idman akafoka, machozi yakimlengalenga.

Mursal akachungulia nje. "Ni jua. Limelipuka, limeivuruga njia ya redio huko juu. Miaka hii halitulii kabisa. Hata elektroni zinazotoka kwenye nyota za mbali, upepo wa jua unazifukuza nyingi kabla hazijatukaribia. Miaka ya utulivu ndiyo zinafika kwa wingi."

"Kwa hiyo mimi nisubiri miaka ya utulivu?"

"Hizo ni elektroni. Redio huenda ikarudi leo leo."

Ilirudi jioni, lakini Baba alikuwa ameshaondoka. Kesho yake sauti yake ikaja safi, kali vilevile. "Jana nilisema yote. Sirudii. Nimeruhusu. Ova."

Dekow akashangilia. Idman hakushangilia. "Aabo, jana hatukusikia kitu. Ulisema nini? Ova."

Badala ya Baba ikaja sauti ya Gelle, mwendesha taar wa Mandera. "Dada, mzee ametoka, ameona haya. Basi nikwambie mimi. Alisema tangu uondoke Mandera hana wa kubishana naye. Alisema kila jioni anamimina chai vikombe viwili, halafu anakumbuka hupo. Ova."

Idman akalia waziwazi mbele ya wateja wote, nami nikalia naye. Duale akamwomba aliyefuata angoje kidogo.