Wano Lililosema Tu

Chumba cha nyuma kilikuwa cha mawano. Wano ni ule ufito wa mshale kabla haujatiwa nyoya wala chembe, ile ncha ya chuma, na humo ndani yalining'inia darini mafungu kwa mafungu, yakikauka polepole kwa joto la jiko lililokuwa upande wa pili wa ukuta. Ukiingia mchana, jua likichungulia kwenye nyufa za dirisha, ungedhani umesimama chini ya maji na matete yanaota juu ya kichwa chako. Mama mwenye nyumba alikuwa akisinzia humo bila haya. Mumewe alimwita Masikio, si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa hapo napo utani haukukosekana.

Jina lilitokana na kazi, maana yeye ndiye aliyechagua. Alilitazama wano kwa jicho moja kama limenyooka, akalivingirisha mezani, kisha akaligonga kwenye mwimo wa mlango na kutega sikio. Wano gumu lilisema ti. Wano laini lilisema tu. Ya ti yalikuwa ya mumewe, kwa kuwa upinde wake ulikuwa mzito, na upinde mzito ukipewa wano laini utalipinda mpaka lipotee njia. Ya tu walipewa wanaojifunza, na yaliyobaki yalishikilia miche ya nyanya uani.

"Tu ni tu," mumewe alipenda kusema. "Baada ya tu hakuna kitu."

Sasa bwana huyo, ambaye shabaha yake ilisifiwa hata na waliomchukia, alikuwa hapigi kitu. Tangu mvua ziishe, kila mshale wake ulipita kushoto mwa gunia la majani makavu alilolitundika uani kwa mazoezi. Alisema ni macho. Akayaosha kwa maji baridi, akayafinya, akalilaani jua, akaligeukia gunia nalo akalilaani. Asubuhi moja mdogo wake alipopita kumkumbusha kwamba kesho wanakwenda kuwinda kware, alimjibu bila kuinua uso.

"Kesho nikikosa, upinde chukua wewe. Mimi nimekwisha."

"Ah, kaka! Ng'ombe hazeeki maini."

Kaka hakucheka. Masikio, aliyekuwa akianika nguo karibu nao, aliyasikia yote. Alimjua mtu wake. Akiuacha upinde atakaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, ataanza kuwaonea wivu wapita njia, na siku moja hatainuka. Aliogopa, na hofu yake aliianika pamoja na mashati.

Macho yale hayakuwa na neno lolote. Masikio alikuwa akimtazama kwa nyuma kila anapolenga. Zamani upote, yaani kamba ya upinde, ulivutwa mpaka sikioni. Siku hizi uliishia kidevuni, na mkono ulikwisha kuanza kutetemeka. Upinde usiovutwa hadi mwisho hauna nguvu ya kulikunja wano gumu, na wano lisilokunjika huenda kando. Dawa yake ilikuwa rahisi: wano laini. Lakini utamwambiaje mwanamume kama yule kwamba sasa atumie fito za nyanya? Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na huyu, kwa kiburi alichokuwa nacho, asingeinuka tena.

Basi mchana ule alijifungia chumba cha nyuma. Akagonga: tu. Akagonga jingine: tu. Joto la jiko lilipenya ukutani, harufu ya mti mkavu ikamlegeza, na kabla hajajua alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimeangukia bega. Mawano yakashuka kutoka darini, moja moja, yakasimama kumzunguka kama wageni wasiojua wakae wapi. Moja likamwinamia na kusema, "Tu." Akalisubiri limalize.

"Tu nini?" akauliza.

Wano likajipinda kwa adabu, likanyooka, likarudi juu. Alipofumbua macho alikuwa ameshika laini kuliko yote, na hakukumbuka kulichagua.

Alifanya kazi mpaka jua likainama. Alifungua chembe na manyoya kwenye mishale ya zamani, akavifunga kwenye mawano ya tu, akayapaka masizi na nta yafanane na yale ya awali. Kwa macho, hata mumewe asingeyatambua. Kilichobaki ni ule mwimo wa mlango, kwa sababu mumewe hakutoka kuwinda bila kugonga kila mshale.

Kulipopambazuka, Masikio alikumbwa na hamu kubwa ya kuosha sufuria. Akazisugua, akazigonganisha, akaangusha mfuniko, akauokota, akauangusha tena.

"Masikio," mumewe akasema akiwa mlangoni. "Hebu acha sufuria."

Akaacha. Mumewe akagonga mshale wa kwanza, akangoja, akagonga wa pili. Huko nje mdogo wake alikohoa kumharakisha. Mumewe hakwenda.

"Linasema tu," akasema.

"Tu nini?" Masikio akauliza, kama alivyouliza ndotoni.

Mumewe hakuutazama mshale. Aliutazama mkono wake, akakunja vidole, akavikunjua.

"Tu wazee, mke wangu."

Akautia mshale katika podo pamoja na wenzake, akatoka. Masikio hakumfuata. Alisimama pale pale jikoni, mikono ikichuruzika, akasikiliza. Alisikia nyayo zikisimama uani, mbele ya gunia. Alisikia upote ukivutwa kidogo, bila kujitutumua, pumzi ikishikwa. Kisha majani makavu yakapokea kitu, na shemeji yake akapiga ukelele.

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye sabuni, yakazidi.

"Masikio!" sauti ya mumewe ikaita kutoka uani. "Yale ya ti yakashikilie nyanya!"