Jicho Moja kwa Kila Mche

Wifi yake alipomwachia kopo la dawa asubuhi ile, alimkanya mara tatu: "Jicho moja kwa kila mche. Moja tu, Mama Pacha, unanisikia?"

Mama Pacha akaudhika. Miaka minne yuko kwenye kitalu hiki na bado anafundishwa! Kweli, wifi ndiye aliyemtafutia kazi, na ndiye mkubwa wake hapo, lakini loo, mwanamke yule kwa kujifanya anajua! Dawa yenyewe ni homoni. Shina la mchungwa mchanga lina macho, vile vijinundu kwenye kona za majani, na ncha ya mche huyalaza yasichipue. Ukilipaka jicho dawa, linaamka na kuanza kuvuta chakula. Mama Pacha akapiga hesabu zake: jicho moja tawi moja, macho matano matawi matano. Wifi alipokwenda kumwagilia upande wa pili, akayapaka yote, miche mia mbili, huku akijichekea. Leo atakoma kunifundisha.

Wiki ya tatu miche ilichipua kila upande, ukiitazama unafurahi. Wiki ya tano ikanyong'onyea. Kila chipukizi lilivutia kwake, na vile vijizizi vifupi vingelisha mangapi? Majani yakawa manjano, yakapukutika.

Msimamizi wa kitalu akawaita wote wawili ofisini. "Nani alipaka dawa hii?"

Nitasema, Mama Pacha akajiambia, ngoja kwanza apoe.

"Dawa ziko chini yangu," wifi akajibu. Hakumtazama mtu.

"Basi kazi huna. Leo hii hii."

Wifi akaenda kuvua koti la kazi. Mama Pacha akabaki amesimama uani, akijichukia kupita kiasi, mpaka alipomwona anatoka na mkoba wake begani. Hapo ndipo alipokimbilia ofisini.

"Ni mimi, bosi! Alinikataza, nikapaka macho yote. Haki ya Mungu ni mimi!"

Msimamizi akamtazama, hasira zikamtoka, akatabasamu. "Nilipouliza ulikuwa kimya. Sasa umemwona ndugu yako anaondoka, ndiyo unajitwisha mzigo wake."

"Siyo hivyo, niliogopa tu! Niamini!"

"Una moyo mzuri, mama. Wifi yangu mimi angenicheka. Kuanzia kesho, dawa utazisimamia wewe."

Akamsihi, akalia, akaapa tena. Kila alipoapa, ndivyo msimamizi alivyozidi kumsifu.

Alipotoka, machozi yakimtiririka, wifi alikuwa amesimama chini ya dirisha la ofisi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Wifi, hakuniamini!"

"Mimi nakuamini," wifi akasema, akirekebisha mkoba begani. "Nilikungoja useme mle ndani, nimesimama pembeni yako."